Mvinyo, Kuku wa Mnada na Godoro la Mjamzito

Jumapili ya mavuno katika makanisa ya Kasulu, ibada ikiisha watu hawakimbilii nyumbani. Wanatoka nje, wanajipanga kwenye kivuli, na mnada unaanza. Kuna mkungu wa ndizi, debe la maharage, trei ya mayai na kuku aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Dalali, ambaye mara nyingi ni shemasi au mwalimu mwenye sauti, anamwinua kuku juu. "Elfu nane mara ya kwanza! Elfu nane mara ya pili!" Mama mmoja anapandisha hadi elfu kumi na mbili, analipa papo hapo, kisha anatamka maneno ambayo kila aliyekulia huku anayafahamu: "Nimemnunua, nawarudishia. Muuzeni tena." Kuku anarudi mezani na bei inaanza upya. Siku ikiwa njema, kuku huyo huuzwa mara tatu au nne, na mhazini anaandika majina yote kwenye daftari.

Nilikulia katika minada hiyo, huko Heru Juu. Baadaye nilikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, nikapata kazi ya uhudumu katika mgahawa wa Kiitaliano upande wa Masaki, nikapanda hadi kaunta ya vinywaji. Mgahawa ule ulikuwa na desturi ya kuandaa jioni za hisani. Watu walikata tiketi, wakanywa kokteli na mvinyo, wakala vitafunwa vya Kiitaliano, na fedha zilizobaki zikaenda kulipia matibabu ya watoto. Mara ya kwanza kuhudumu katika jioni ya namna hiyo niliona wazi kwamba nimekutana na ndugu wa ule mnada wa Kasulu. Kilichopigiwa mnada kilikuwa chupa ya mvinyo, na mnunuzi mmoja akasema kwa Kiingereza maneno yaleyale ya mama wa Heru Juu: iuzeni tena.

Siku hizi nimerudi Kasulu, na nimekaa katika kamati za michango. Naandika makala hii kwa sababu hafla za hisani zinazidi kuenea katika miji yetu midogo, zikiitwa "chakula cha hisani" au "harambee ya jioni", na watu wengi wanaalikwa bila kuelewa fedha zao zinapita wapi. Nataka msomaji aelewe jinsi jambo hili linavyofanyika, lilikotoka, na lipi katika hilo linatufaa sisi wa nyanda za juu za Kigoma.

Jioni ya hisani inavyoendeshwa

Waitaliano wana saa yao ya kunywa kabla ya chakula cha usiku, wanayoiita aperitivo. Huanza mnamo saa kumi na mbili jioni na kuishia kama saa mbili usiku. Mtu hupewa glasi moja au mbili, pamoja na vitafunwa: zaituni, vipande vya jibini, mkate uliobanikwa ukapakwa kitunguu saumu na kuwekewa nyanya na mafuta ya zaituni. Hakuna anayekuja kushiba. Wanakuja kuonana na kuzungumza.

Wenye migahawa waligundua kwamba saa hizo mbili zinafaa sana kwa hisani. Vitafunwa ni rahisi kuliko mlo kamili. Wageni husimama, kwa hiyo ukumbi mdogo hubeba watu wengi. Jikoni hakuna mbio, na hafla ikiisha mgahawa unaendelea na biashara yake ya usiku. Ndiyo maana jioni nyingi za hisani katika migahawa ya Kiitaliano, iwe Milano, New York au Dar es Salaam, hufuata mpangilio huohuo: tiketi mlangoni, glasi ya kwanza ndani ya tiketi, glasi zinazofuata kwa kulipia, maneno mafupi kutoka kwa wale wanaochangiwa, kisha mnada wa vitu vichache.

Kazi yetu wahudumu ilikuwa na nidhamu yake. Chupa ya mvinyo ina mililita 750, na sheria ya kaunta ilikuwa chupa moja, glasi tano. Ukimimina kwa mkono mzito unapata glasi nne, na hiyo ya tano uliyoipoteza ndiyo iliyokuwa faida. Unashika chupa chini, unamimina hadi pale glasi inapotanuka zaidi, halafu unaizungusha chupa kidogo unapoinua ili tone la mwisho lisidondoke kwenye kitambaa. Jioni ya kawaida kosa la mkono mzito linamgharimu mwenye mgahawa. Jioni ya hisani linamgharimu mtoto anayesubiri matibabu, na msimamizi wetu alituambia hivyo kabla milango haijafunguliwa.

Hesabu iliyo nyuma ya glasi

Watu wengi wanadhani mtu akilipa shilingi 100,000 kwa tiketi ya hisani, shilingi 100,000 zimekwenda kwa mhitaji. Sivyo. Tuchukue mfano. Tuseme mgahawa umeuza tiketi 80 kwa bei hiyo. Hapo zimepatikana shilingi 8,000,000. Chakula na vinywaji vikigharimu shilingi 35,000 kwa kila mgeni, zinaondoka shilingi 2,800,000. Muziki, mapambo, kadi na posho za wahudumu zikichukua shilingi 1,200,000, zinabaki shilingi 4,000,000. Nusu imekwisha ukumbini.

Sasa badilisha jambo moja tu. Mwenye mgahawa aseme chakula ni mchango wake, na msambazaji wa mvinyo atoe chupa bure. Zinabaki shilingi 6,800,000. Wageni ni walewale, tiketi ni zilezile, na jioni ni ileile, ila aliyebeba gharama ni mwingine. Hapo ndipo penye siri ya hafla ya hisani inayofaa: anayealika ndiye anayetangulia kutoa. Mgahawa ukikuita kwenye hisani huku wenyewe ukiuza chakula chake kwa bei ya kawaida, umekuita dukani.

Kuna na kodi. Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT Tanzania Bara kwa kawaida hutozwa asilimia 18 juu ya mauzo, na kuandika neno "hisani" kwenye kadi hakufuti wajibu huo. Waandaaji wenye busara hukaa na mhasibu mapema, wakatenganisha kipi ni mauzo ya chakula na kipi ni mchango, na kila kimoja kikapata risiti yake. Mgahawa nilikofanya kazi ulitumia madaftari mawili na visanduku viwili, na asubuhi yake hesabu ilibandikwa ukutani jikoni ili hata muosha vyombo aione.

Desturi yenye umri mkubwa

Kuchanganya kinywaji na hisani kulianza zamani. Katika mji wa Beaune, Ufaransa, kuna hospitali iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin, waziri mkuu wa mtawala wa Burgundy, pamoja na mkewe Guigone de Salins, kwa ajili ya maskini waliobaki baada ya vita na njaa. Kwa karne nyingi watu waliiachia hospitali hiyo mashamba ya mizabibu katika wasia zao. Mwaka 1859 mvinyo wa mashamba hayo ulianza kuuzwa kwa mnada wa hadhara, na hadi leo mnada hufanyika kila Jumapili ya tatu ya Novemba. Mapipa ya huko hubeba lita 228 kila moja. Tangu mwaka 1978 limekuwa likitengwa pipa maalumu ambalo fedha zake hupewa mashirika mengine ya hisani, na wanunuzi hulipandishia bei kwa makusudi. Kuku wetu wa Jumapili ya mavuno na pipa hilo wanafuata kanuni moja: bei haifuati thamani ya kitu, inafuata moyo wa mnunuzi na macho ya wanaomtazama.

Napoli, kusini mwa Italia, wana desturi ndogo zaidi na mimi naipenda zaidi. Mteja anakunywa kahawa moja na kulipia mbili. Ya pili inabaki kwa ajili ya mtu yeyote asiye na fedha atakayeingia baadaye na kuulizia. Aliyelipa hamjui atakayekunywa, na anayekunywa hamjui aliyelipa. Hakuna mshereheshaji, hakuna picha.

Halafu kuna kokteli. Negroni ni kinywaji cha Kiitaliano chenye sehemu tatu zilizo sawa: jini, vermouth nyekundu na Campari, pamoja na barafu na kipande cha chungwa. Inasimuliwa kuwa ilizaliwa Firenze mwaka 1919. Ni chungu, na wageni wengi wa Dar es Salaam walikunja uso kwa tone la kwanza. Mwaka 2013 jarida la vinywaji la Marekani liitwalo Imbibe, kwa kushirikiana na Campari, lilianzisha Wiki ya Negroni: kwa muda wa wiki, baa na migahawa inayojiunga inauza kokteli hiyo na kutoa mchango kwa hisani. Tangu mwaka 2022 michango hiyo inakwenda Slow Food, chama kilichoasisiwa Italia na Carlo Petrini kutetea chakula kizuri, kisafi na chenye haki kwa mkulima.

Hapo Afrika Mashariki inaingia. Mwaka huohuo wa 2022, Slow Food ilimchagua rais mpya, na aliyechaguliwa ni Edward Mukiibi, mtaalamu wa kilimo kutoka Uganda. Mukiibi alianza kwa kuwarudisha wanafunzi shambani katika shule za Uganda, ili kulima kusionekane adhabu ya mtoto mtukutu. Chama chake kimeanzisha bustani za chakula katika shule na vijiji vingi vya Afrika, zikiwemo za Uganda, Kenya na Tanzania. Msomaji akiniuliza glasi ya kokteli inayonywewa Ulaya inamhusu nini mwanafunzi wa Afrika Mashariki, namjibu kwamba ipo njia inayoonekana kutoka kaunta hadi kwenye tuta la mchicha.

Mvinyo wa nyumbani upo

Nikiwa kaunta niliumia kuona jioni za hisani za Watanzania zikinunua mvinyo wa mbali wakati wa kwetu upo. Mizabibu ya Dodoma ilipata nguvu kupitia wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia, ambao mwaka 1957 waliipanda Bihawana, nje kidogo ya mji, kwa ajili ya divai ya misa. Kutoka huko zao likaenea kwa wakulima wadogo wa Kigogo. Kwa hali ya hewa ya Dodoma, mzabibu huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Italia halipati. Hombolo kuna kiwanda cha CETAWICO, kilichoanzishwa na Mwitaliano, na mtaani kila mtu anaijua divai ya dompo.

Hafla inayosema inasaidia Watanzania ikinunua chupa ya Dodoma inasaidia mara mbili. Kwanza kuna yule mkulima, halafu kuna yule anayechangiwa. Hilo halihitaji mchango wa ziada kutoka kwa mtu yeyote.

Kasulu: meza isiyo na pombe

Niliporudi Kasulu, kituo kimoja cha afya kilikuwa na chigonela, yaani nyumba ya kusubiria wajawazito wanaotoka vijiji vya mbali. Jengo lilikuwepo. Ndani kulikuwa na vitanda vichache, magodoro yaliyochoka na vyandarua vilivyotoboka. Mwanamke anayekaribia kujifungua anatoka bonde la Malagarasi wiki mbili kabla ya siku zake, kwa sababu mvua ikinyesha bodaboda haipiti. Akifika anatandika kanga sakafuni. Anayejua baridi ya Kasulu usiku wa Juni anaelewa maana yake.

Tukaunda kamati. Mimi nikatoa wazo la jioni ya hisani kama zile za Masaki, na swali la kwanza likawa pombe. Wengi katika kamati ni Waanglikana na Wapentekoste waliolelewa katika uamsho. Dayosisi ya Western Tanganyika ina makao yake hapa Kasulu tangu mwaka 1966, na mafundisho ya kukataa ulevi yamezama katika familia nyingi. Alikuwepo mama Msabato, na alikuwepo mzee Mwislamu wa msikiti wa sokoni. Mzee huyo alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwanangu, nimekuelewa. Lakini wapo wanawake watakaolala kwenye hayo magodoro ambao pombe ndiyo iliyowamalizia akiba ya kujifungulia. Tusiwanunulie godoro kwa kilichowalaza chini."

Niliyapima maneno yale na nikayakubali kwa moyo wote. Huku kwetu pombe ya ndizi si ngeni. Wazazi wetu waliitumia kulipia kazi ya ujima: mwenye shamba anaalika majirani, wanalima pamoja, jioni wanakaa na chungu. Ilikuwa na heshima yake na kiasi chake. Leo inauzwa kuanzia asubuhi, na tunaowaona wameegemea kuta za vilabu ni watu tunaowajua kwa majina. Hafla ya mama wajawazito haikuwa mahali pake.

Basi tukatengeneza kokteli isiyo na kileo, na kwa hilo nilipata nafasi ya kutumia ufundi wangu. Ndizi mbivu zinamenywa, zinafikichwa kwa majani makavu hadi maji matamu yanajitenga na nyama, kisha yanachujwa kwa kitambaa safi. Hiki ndicho kinywaji ambacho Warundi wanakiita umutobe, nacho ni kilekile kinachokuja kuwa pombe kikiachwa kichachuke. Sisi hatukukiacha. Tulikiwekea tangawizi iliyopondwa, ndimu, na asali ya Kibondo, ile nyeusi ya misitu ya miombo yenye ladha ya moshi kidogo. Nilikimimina katika glasi za mvinyo tulizoazima, kipande cha ndimu ukingoni, na nikakipeleka mezani nikiwa na kitambaa mkononi kama nilivyofundishwa Masaki. Akina mama waliokuja na sweta zao waliipokea glasi ile kwa mikono miwili. Vitafunwa vilikuwa migebuka ya kukaanga kutoka ziwani, mihogo, na ndizi za kuchoma zilizopakwa mawese na pilipili.

Jambo la pili tulilobadilisha ni ahadi. Kila anayeishi huku amewahi kuona harambee ambayo mgeni rasmi anatangaza shilingi milioni moja, watu wanapiga vigelegele, na milioni ile haionekani tena. Nilichangia miaka ya nyuma katika kamati moja ya madawati ambayo haijasoma mapato na matumizi hadi leo. Mtu akipita na kadi ya mchango sasa, swali la kwanza analopewa ni: zile za mwanzo zilikwenda wapi? Imani ikishavunjika hivyo, hata mwenye nia njema anarudishwa mlangoni.

Kwa hiyo ukutani tulibandika karatasi kubwa yenye orodha ya mahitaji na bei zake kutoka dukani: magodoro, vyandarua, mablanketi, sufuria, ndoo za maji, taa ya sola. Hatukumwomba mtu aahidi. Tulimwomba achague. Fundi seremala akasema anachukua kitanda, atakitengeneza mwenyewe. Mwalimu akachukua vyandarua viwili akalipa kwa simu papo hapo, na ujumbe wa malipo ukasomwa kwa sauti. Mama mmoja muuza maharage sokoni alisimama akasema, "Mimi nachukua godoro. Nilijifungulia njiani, najua." Ukumbi ukatulia, na baada yake orodha ikaisha upesi.

Vitu vikanunuliwa. Risiti zilibandikwa kwenye mlango wa chigonela, na hesabu ikasomwa kanisani, msikitini na kwenye mkutano wa mtaa. Mzee wa msikiti ndiye aliyeomba kuisoma mwenyewe.

Kibondo na fedha za wageni

Ukitoka Kasulu kuelekea kaskazini unafika Kibondo, mji ambao kwa zaidi ya miaka thelathini umeishi na wakimbizi pamoja na mashirika yanayowahudumia. Machafuko ya Burundi ya mwaka 1993 yaliwaleta watu wengi, na wilaya ikawa na kambi za Kanembwa, Mkugwa, Karago, Mtendeli na Nduta, wakati Kakonko ikiwa bado ndani yake. Kambi zikafungwa moja baada ya nyingine, kisha Nduta ikafunguliwa tena Oktoba 2015 Warundi walipokimbia upya. Upande wa Kasulu ipo Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo.

Magari ya mashirika yanapojaa Kibondo, nyumba za wageni zinajaa, migahawa inajaa, na michango inakuwa rahisi. Mratibu wa mradi ananunua tiketi kumi bila kuuliza. Ufadhili ukipungua, magari yanaondoka na hafla zinakufa pamoja nayo. Nawashukuru waliochangia, ila hisani ya mji haiwezi kutegemea watu wenye mikataba ya mwaka mmoja. Lazima isimame kwa muuza duka, mwalimu, mkulima wa tangawizi na dereva wa bodaboda.

Kibondo nimeona namna inayosimama hivyo. Dada mmoja mwenye mgahawa mdogo karibu na stendi anaweka daftari la shule juu ya kaunta. Mteja akimaliza kula anaweza kulipia sahani nyingine. Dada anaandika tarehe, anachora mstari, basi. Jina la mlipaji haandiki. Jioni anahesabu mistari, anapakia wali na maharage kwenye makontena, na kijana wake anayapeleka hospitalini kwa ndugu wanaouguza. Mgonjwa wa kwetu hulishwa na familia yake, na familia iliyotoka kijijini ikikaa wiki nzima wodini, fedha ya chakula inaisha kabla mgonjwa hajapona. Sikumwambia lolote kuhusu Napoli hadi nilipokwisha kula. Nilipomsimulia akacheka, akasema, "Kumbe na Wazungu wanajua."

Lipo na jingine ambalo Kibondo na Kasulu tungeweza kulijaribu. Mwaka 2016 Paris ilianza tamasha la chakula la wakimbizi, lililoungwa mkono na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR. Migahawa inawakabidhi jiko wapishi wakimbizi kwa siku kadhaa, karibu na Siku ya Wakimbizi Duniani ya 20 Juni, na wateja wanakula chakula cha kwao. Tamasha limeenea katika miji mingi ya Ulaya na kwingineko. Sisi tunaopakana na kambi hizi tunamjua mkimbizi kama mtu wa foleni ya mgawo. Mama wa Kikongo anayejua kupika sombe (kisamvu) kwa mawese na samaki mkavu ana kitu cha kuwapa wenyeji, akipata kibali na jiko. Taratibu za kambi ni kali na lazima ziheshimiwe, lakini idara na mashirika husika yakiombwa mapema, jioni moja ya Juni inawezekana.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua tiketi

Ukialikwa kwenye hafla ya hisani, iwe ya mvinyo katika mgahawa wa Kiitaliano au ya maji ya ndizi katika ukumbi wa Kasulu, una haki ya kuuliza, na kuuliza si ukorofi. Nani analipia chakula na ukumbi? Katika tiketi yangu, kiasi gani kinamfikia mhitaji? Kinanunuliwa nini hasa, kwa bei gani, na kinapelekwa wapi? Nani anashika fedha, na ni watu wangapi wanaotia saini? Hesabu itasomwa lini, na wapi? Mwandaaji mwaminifu atakujibu kwa furaha, kwa sababu majibu ameshayaandika. Anayekasirika umeshamjua.

Nawe unayeandaa, chagua hitaji moja linaloonekana kwa macho, kwa kuwa watu huchangia godoro haraka kuliko "maendeleo". Pata barua ya mtendaji wa kata na umshirikishe mwenyekiti wa mtaa. Tangulia kutoa kabla hujaomba. Kama utaweka pombe, weka kiasi, na uweke kando yake kinywaji kisicho na kileo chenye heshima ileile, kilichomiminwa katika glasi ileile, ili muumini asijione mgeni wa daraja la pili. Usipokee ahadi bila tarehe. Usiwapandishe watoto au wagonjwa jukwaani ili kuwaliza watu; hadhi yao ni kubwa kuliko mchango wowote.

Nimehudumu mezani kwa matajiri, na nimekaa chini ya mti na wakulima. Kutoa kwao kunafanana kuliko wanavyodhani. Wote wanatoa zaidi wakiwa pamoja, wakiwa na furaha, na wakimwamini anayeshika daftari. Furaha hatujawahi kupungukiwa nayo huku kwetu, na umoja tumerithi. Kilichotupungukia ni hesabu kusomwa hadharani. Basi kamati yoyote iliyokusanya mchango mwaka huu, Kasulu, Kibondo na kwingineko, isome mapato na matumizi yake mbele ya waliochanga, hata kama kilichokusanywa ni elfu ishirini. Nanyi mliochanga, hudhurieni siku hiyo mkasikilize.